Nani alisubiri miaka milioni 78?

SWALI: Ninafundisha kemia kidato cha tano na cha sita. Kwenye mada ya vimeng'enya niliwaambia wanafunzi, kama nilivyosoma, kwamba upo mmenyuko ambao bila kimeng'enya ungechukua miaka milioni 78 kufika nusu tu. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alisubiri?" Darasa zima likacheka, na mimi jibu sikuwa nalo. Wiki iliyofuata nikachora ubaoni ile mishale ya elektroni inayoonyesha vifungo vinavyokatika na vinavyounganika. Yule yule akauliza ni nani aliyeiona. Naomba unisaidie: haya mambo yanajulikanaje? Na ule mfano wa kufuli na ufunguo bado niufundishe?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi huyo mtunze, maana maswali yake mawili ndiyo yanayotulipa mshahara sisi tunaopima mwendo wa vimeng'enya. Jibu la haraka ni kwamba hakuna aliyesubiri, na mishale hakuna aliyeiona. Hali ya mpito, yaani pale kifungo cha zamani kinapokuwa kimelegea na kipya hakijakamilika, hudumu kwa kiasi cha sekunde 10⁻¹³. Ahmed Zewail, Mmisri aliyefanya kazi California, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuzifuatilia hali kama hizo kwa mipigo ya leza, lakini katika molekuli ndogondogo. Ndani ya protini yenye maelfu ya atomu, huku molekuli moja ikianza na jirani yake ikimaliza, kazi hiyo ni nyingine kabisa.

Mishale ile ni madai. Kila mshale unadai jambo fulani litokee ambalo linaweza kupimwa, na likipimwa likakataa, mshale unafutwa. Ila tuanze na ile miaka, kwa sababu hesabu yake unaweza kuifanya darasani kwako.

Namba hiyo waliichapisha Anna Radzicka na Richard Wolfenden wa Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1995. Kimeng'enya chenyewe kinaitwa OMP dekaboksilezi, na kazi yake ni kuondoa kabonidayoksaidi kwenye molekuli iitwayo orotidini monofosfati ili ibaki uridini monofosfati, malighafi ya RNA na DNA. (Kimelea cha malaria hakina njia nyingine ya kupata malighafi hiyo, kwa hiyo si kimeng'enya cha kudharau.) Molekuli moja ya kimeng'enya hiki humaliza kazi hiyo mara 39 kwa sekunde. Kiondoe, acha molekuli ikae peke yake kwenye maji ya nyuzi 25, na utazeeka ukiitazama bila kuona badiliko lolote.

Basi wao wakachemsha. Walichukua molekuli ndogo inayofanana na ile halisi mahali panapohusika, wakaitia kwenye mirija ya kwatzi, wakaiziba mirija na kuipasha joto kupita kiwango cha maji kuchemka. Katika joto hilo mmenyuko unakwenda kwa mwendo unaopimika. Wakapima kwenye joto moja, wakahamia jingine, kisha wakachora ule mchoro ambao wanafunzi wako wanaujua, wa Arrhenius: logi ya mwendo dhidi ya 1/T. Nukta zikalala kwenye mstari mnyoofu, nao wakaurefusha mstari hadi nyuzi 25. Hapo ukasoma 2.8 × 10⁻¹⁶ kwa sekunde.

Sasa mpe chaki huyo muulizaji. Nusu-uhai ni 0.693 kugawa kwa 2.8 × 10⁻¹⁶, ambayo ni kama sekunde 2.5 × 10¹⁵. Mwaka una sekunde 3.15 × 10⁷. Akigawanya atapata miaka milioni 78 na ushee. Na akigawanya 39 kwa 2.8 × 10⁻¹⁶ atapata 1.4 × 10¹⁷, ndiyo mara ambazo kimeng'enya kinaharakisha mmenyuko huo.

Atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, una uhakika gani kwamba mstari haupindi huko usikopima? Uhakika kamili haupo. Ukipasha joto sana mmenyuko unaweza kuhamia njia nyingine, na hapo mstari unaourefusha ni wa mmenyuko mwingine. Kinachotupa moyo ni kwamba nukta zimekaa sawa katika eneo pana la joto, na kwamba maabara ya Wolfenden imerudia mtindo huo kwa mimenyuko mingi. Kifungo cha peptidi kilichoachwa kwenye maji hudumu karne kadhaa kabla ya nusu yake kukatika. Kwa aina fulani ya esta za fosfati walipata, mwaka 2003, miaka trilioni 1.1, na ulimwengu wenyewe hauna hata miaka bilioni 14. Namba kama hiyo usiichukue kama saa ya ukutani. Inakueleza ugumu wa kazi ambayo kimeng'enya kinaifanya huku wewe unakunywa chai.

Kama unataka waamini, chukua lile jaribio la mtihani wa vitendo la sodiamu thayosalfeti na asidi ya haidrokloriki, lenye alama ya X kwenye karatasi chini ya bika. Wape kazi ya kupima kwenye nyuzi 70, 60, 50 na 40, ujazo uwe ule ule na aangalie mtu yule yule. Wachore logi ya 1/t dhidi ya 1/T kwa kelvini, warefushe mstari hadi nyuzi 25, waandike kwa kalamu ya wino sekunde wanazotabiri, kisha ndipo wapime. Fungueni madirisha, maana salfadayoksaidi haina mzaha. Makundi yatakayopotoka mara nyingi ni yale yaliyochelewa kuchanganya kwenye nyuzi 70 vikawa vimepoa. Hilo nalo lina faida yake, wataona kosa dogo kwenye ncha ya mstari linavyokua ukiurefusha.

Twende kwenye mishale. Mtu yeyote anayeijua kemia ya kidato cha sita anaweza kuchora njia tatu tofauti za kutoka A hadi B, zote zikapendeza na zote zikafuata kanuni. Kazi yetu ni kutafuta jaribio ambalo njia hizo zitalijibu tofauti. Nitakupa mfano ninaoupenda kuliko yote, na bahati nzuri unahusu pombe.

Kimeng'enya kinachovunja pombe kwenye ini, na ndugu yake aliyemo kwenye hamira, hunyang'anya ethanoli haidrojeni na kuikabidhi kwa molekuli nyingine iitwayo NAD. Ethanoli inabaki kuwa asetaldehaidi. Swali la miaka ya 1950 lilikuwa hili: haidrojeni inapitia wapi? Njia ya kwanza: inatoka kwenye pombe, inaingia kwenye maji, na NAD inajichukulia haidrojeni nyingine kutoka kwenye maji hayo hayo. Njia ya pili: inaruka moja kwa moja kutoka kwenye kaboni ya pombe hadi kwenye NAD bila kugusa maji. Mishale ya njia zote mbili inachorika vizuri tu.

Frank Westheimer, mkemia, na Birgit Vennesland, mwanabiokemia, wote wa Chuo Kikuu cha Chicago, walifanya jaribio hilo pamoja na wanafunzi wao kati ya mwaka 1951 na 1953. Walitumia dyuteriamu, ile haidrojeni nzito ambayo Harold Urey aliigundua mwaka 1931. Kikemia inafanya kila kitu ambacho haidrojeni inafanya, ila ina uzito mara mbili, kwa hiyo unaweza kujua imefikia wapi. Wakatengeneza ethanoli ambayo kaboni yenye kundi la OH imebeba dyuteriamu mbili, wakaitia kwenye maji ya kawaida pamoja na kimeng'enya na NAD. NAD ilipotolewa na kuchunguzwa ilikuwa na dyuteriamu moja kwa kila molekuli. Kisha wakageuza kibao: ethanoli ya kawaida kwenye maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni dyuteriamu. Safari hii NAD haikuwa na dyuteriamu hata kidogo.

Njia ya maji ikafa hapo hapo. Kama haidrojeni ingepitia kwenye maji, matokeo yangekuwa kinyume chake mara zote mbili.

Lakini walikwenda hatua moja mbele, na hiyo ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Ile NAD iliyobeba dyuteriamu ina haidrojeni mbili kwenye kaboni moja: moja nzito, moja ya kawaida. Kwa macho ya mkemia wa wakati ule mbili hizo zilikuwa sawa. Ukirudisha mmenyuko nyuma ungetegemea nyingine zitoke nzito, nyingine nyepesi. Wakaipa asetaldehaidi ya kawaida wakaacha kimeng'enya kirudishe. Dyuteriamu yote ikarudi kwenye pombe, na NAD ikabaki bila hata moja. Kimeng'enya kinajua iko upande gani. Kinaichukua upande ule ule kilikoiweka, kila mara. Kwa hiyo mshale unaouchora ubaoni hauna ruhusa ya kutoka popote; lazima utoke kwenye uso mmoja wa molekuli na utue kwenye uso mmoja wa nyingine. Na yote hayo yalijulikana bila mtu kuiona picha ya kimeng'enya hicho.

Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachoua wanaokunywa pombe ya magendo yenye methanoli. Methanoli inapita humo humo, inakuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki inayopofusha macho. Ndiyo maana hospitalini mgonjwa anaweza kupewa fomepizoli au hata ethanoli yenyewe: inakikalia kimeng'enya wakati figo na mashine ya dayalisisi zinaondoa methanoli.

Jaribio la pili linahitaji saa tu, na hapa nitakaa kidogo. Kimotripsini ni kimeng'enya cha kongosho kinachokata protini kwenye utumbo. Je, kinakata kwa pigo moja, maji yakiingia moja kwa moja kwenye kifungo? Au kwanza kinajishikisha chenyewe kwenye kipande kimoja cha protini, halafu ndipo maji yaje kukiachanisha? Brian Hartley na Bernard Kilby wa Uingereza walikipa kitu bandia cha kukata, paranitrofenili asetati, ambacho kikikatwa hutoa paranitrofenoli. Uzuri wake ni kwamba katika mazingira hayo paranitrofenoli ina rangi ya njano, na rangi inapimika sekunde kwa sekunde.

Ukichora njano dhidi ya muda unategemea mstari unaoanzia sifuri. Wao, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1954, waliona rangi ikipanda kwa kishindo mwanzoni, kisha ikatulia na kuendelea polepole. Waliporudisha mstari wa polepole nyuma hadi muda sifuri, haukugonga sifuri. Uligonga kiasi kinacholingana na kiasi cha kimeng'enya walichoweka. Ukiweka kimeng'enya zaidi, kishindo nacho kinakua kwa kipimo hicho hicho. Fikiria basi la viti 30 lililofika kituoni tupu: abiria 30 wa kwanza wanaingia kwa fujo dakika ile ile, na wa 31 hapati kiti mpaka mtu ashuke. Kila molekuli ya kimotripsini ilikata mara moja haraka, ikatoa njano yake, kisha ikabaki imeshikamana na kipande cha asetati kikingoja maji yaje kukiondoa. Njia ya pigo moja haiwezi kutoa kishindo hicho hata uichore vipi.

Sasa, imeshikamana kwa wapi? Jibu lilitokana na kemikali mbaya iitwayo DFP, ya ukoo mmoja na sumu za neva zilizotafitiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Molekuli moja ya DFP huua molekuli moja ya kimotripsini, basi. Kimotripsini ina asidi amino aina ya serini zaidi ya 20, na zote zina kundi la OH. Zinazobaki hazina habari na DFP. Moja tu, namba 195, ndiyo inayonaswa. Serini hiyo ina nini cha ziada? Ilipopatikana picha ya fuwele mwishoni mwa miaka ya 1960, David Blow na wenzake waliona kwamba imekaa karibu na histidini namba 57, nayo histidini imeegemea asidi ya aspatiki namba 102. Histidini humchukulia serini protoni yake, na oksijeni iliyobaki inakuwa na njaa ya kushambulia.

Mwalimu, hapa naomba nitoke nje ya mada kwa aya moja, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi yetu inalima. Dawa nyingi za kuulia wadudu za kundi la oganofosfati, zinazopulizwa kwenye mboga na pamba na zilizowahi kujazwa kwenye majosho ya ng'ombe, hufanya kazi kwa kemia hii hii. Zinanasa serini ya kimeng'enya kingine, asetilikolinesterezi, kinachozima ishara kati ya neva na misuli. Ishara isipozimwa mtu hutokwa mate na jasho, mboni za macho husinyaa, kifua hubana. Atropini hutuliza dalili hizo lakini serini haiiachilii. Irwin Wilson wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliangalia mishale ile ile na kuuliza: kama fosforasi imejishikiza kwenye oksijeni ya serini, je, naweza kuunda molekuli yenye oksijeni kali zaidi ya kuivuta kutoka pale? Miaka ya 1950 ikampa pralidoksimu, ambayo hadi leo hutumika hospitalini. Masharti yake ni muda. Kifungo kikikaa, kinapoteza kipande chake kimoja na baada ya hapo hakuna kinachoking'oa. Kwa hiyo aliyevuta au kumwagikiwa na dawa avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, akimbizwe hospitali, na kopo lenye lebo liende naye.

Turudi. Wapo watakaomwambia mwanafunzi wako kwamba siku hizi picha zipo, za fuwele na miale ya eksirei, kwa hiyo maswali yamekwisha. Mpe kisa cha lisozaimu.

Lisozaimu iko kwenye machozi, kwenye mate na kwenye ute mweupe wa yai la kuku. Alexander Fleming aliigundua akiwa na mafua, alipotia kamasi zake kwenye bakteria wakayeyuka. Inakata mnyororo wa sukari unaoshikilia ukuta wa bakteria. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake wa London walitoa picha yake ya atomu, kimeng'enya cha kwanza duniani kupigwa picha ya namna hiyo. Pana bonde kwenye uso wa protini, na ndani ya bonde, pande mbili zinazotazamana, zimekaa asidi ya glutamiki namba 35 na ya aspatiki namba 52. Kutokana na picha hiyo Phillips alipendekeza kwamba 35 inatoa protoni kukata kifungo, sukari inabaki na chaji chanya, na 52 yenye chaji hasi inaituliza kwa mbali bila kuungana nayo. Vitabu vikachapisha mishale hiyo, walimu wakaifundisha, wanafunzi wakaifanyia mitihani kwa zaidi ya miaka 30.

Kilichosahaulika ni kwamba kwenye fuwele zilionekana sukari tatu tu, tena zimekaa pembeni, zisizokatika. Sukari ya mahali penyewe pa kukatia iliwekwa kwa kujenga modeli. Mishale ilichorwa juu ya sehemu ambayo picha haikuionyesha.

Na tayari palikuwa na hoja ya zamani zaidi iliyoelekeza kwingine. Daniel Koshland aliandika mwaka 1953 kwamba kimeng'enya kinachokata sukari na kuiacha kaboni yake na mkao ule ule wa mwanzo huenda kinaishambulia mara mbili. Wanafunzi wako wanaijua SN2: shambulio moja hugeuza mkao, mashambulio mawili huurudisha. Shambulio la kwanza lazima lifanywe na kimeng'enya chenyewe, maana yake sukari na kimeng'enya viungane kabisa kwa muda. Lisozaimu huacha mkao ule ule. Kwa nini yenyewe peke yake iwe tofauti na vimeng'enya vya aina yake?

Jibu lilikuja mwaka 2001, kutoka kwa David Vocadlo, Stephen Withers na wenzao wa Kanada na Uingereza. Ugumu ulikuwa kwamba muungano huo, kama upo, unakufa haraka kuliko unavyozaliwa, kwa hiyo haujilimbikizi. Walichofanya ni kuchelewesha hatua ya pili. Waliibadilisha ile glutamiki 35, ambayo ndiyo husaidia maji kuingia, wakatumia na sukari zilizowekwa florini ili zijivute. Wakakipima kimeng'enya uzito kwa mashine ya kupimia molekuli. Kilikuwa kimeongezeka uzito wa sukari. Wakatengeneza fuwele, na safari hii picha ilionyesha aspatiki 52 imeungana na kaboni ya sukari kwa kifungo halisi. Koshland alikuwa sahihi.

Simlaumu Phillips. Kazi yake ilifungua mlango, na chaji chanya aliyoizungumzia ipo kweli katika hali ya mpito. Ila ukiniuliza mimi ningeamini kipi kati ya picha nzuri na kipimo kizuri cha mwendo, nitachukua kipimo, kisha nitaomba na picha.

Mwisho, kufuli na ufunguo. Mfano huo, wa kimeng'enya kuwa kufuli na molekuli inayoingia kuwa ufunguo wake, ni wa Emil Fischer, 1894, na katika jambo moja bado uko imara: unaeleza kwa nini kimeng'enya kinakubali sukari moja na kukataa dada yake. Ufundishe hivyo. Ukivuka hapo ukautumia kueleza kasi, unapotosha. Chukulia kimeng'enya kimeumbwa kukaa barabara kabisa na molekuli inayoingia. Kitaishika vizuri, itatulia, na haitakuwa na sababu ya kubadilika. Umeiteremsha bondeni, sasa kilima cha nishati kilicho mbele yake kimekuwa kirefu zaidi. J. B. S. Haldane alikaribia wazo hili mwaka 1930 na Linus Pauling akalisema wazi mwaka 1946: kimeng'enya lazima kiwe kimeumbwa kuishika hali ya mpito, ile inayodumu sekunde 10⁻¹³, kuliko kinavyoishika molekuli inayoingia au inayotoka. Hivyo ndivyo kilima kinavyoshuka.

Wazo hilo lina tokeo la ajabu. Kama ungeweza kutengeneza molekuli tulivu, isiyovunjika, lakini yenye umbo na chaji ya hali ya mpito, kimeng'enya kingeing'ang'ania kiasi cha kutokuweza kufanya kazi nyingine. Tatizo ni kulijua umbo la kitu kisichoonekana, na hapa ndipo Vern Schramm wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, alipotumia maisha yake.

Alichagua, pamoja na vingine, kimeng'enya kinachoitwa PNP, ambacho hukata kifungo kati ya sukari na besi kwenye molekuli kama inosini. Maabara yake ilitengeneza inosini zenye atomu nzito, kila moja mahali pake: hii ina tritiamu hapa, ile ina kaboni-14 pale. Atomu nzito hubadilisha mwendo wa mmenyuko kidogo, mara nyingi kwa asilimia chache tu, na kiasi cha badiliko hutegemea kifungo cha mahali hapo kimelegea au kimekaza vipi katika hali ya mpito. Unapima mahali pamoja baada ya pengine, kisha unatafuta kwa kompyuta umbo moja linaloweza kutoa vipimo vyote kwa pamoja. Kwa PNP umbo lililojitokeza lilikuwa la sukari iliyokaribia kuachana na besi, ikiwa imebeba chaji chanya.

Basi wakaunda kitu cha namna hiyo, wakishirikiana na wakemia wa New Zealand. Kwenye pete ya sukari waliondoa oksijeni wakaweka naitrojeni, inayobeba chaji chanya kwa urahisi. Kifungo kinachotakiwa kukatwa wakakifanya cha kaboni kwa kaboni, kisichokatika. PNP ya binadamu inaing'ang'ania molekuli hiyo mara laki kadhaa zaidi ya inavyoishika inosini. Kwa kuwa ilijulikana tangu mwaka 1975 kwamba mtoto aliyezaliwa bila PNP hupoteza seli T za kinga, molekuli hiyo ilijaribiwa dhidi ya saratani za seli hizo, na mwaka 2017 Japani iliiruhusu kama dawa kwa jina la forodesine.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nacho kina PNP yake, na hakiwezi kujitengenezea purini, malighafi nyingine ya RNA na DNA. Kinazipata kutoka kwenye damu yetu kwa kupitia kimeng'enya hicho. Kundi la Schramm lilichapisha mwaka 2011 matokeo ya molekuli ya ukoo huo iliyopewa nyani wadogo wa Amerika Kusini waitwao Aotus, walioambukizwa falciparum. Vimelea vilitoweka kwenye damu kwa dawa ya kunywa, na siku chache baada ya dozi kusimamishwa vikarudi. Kwa malaria hilo halitoshi kwa dawa inayosimama peke yake. Kwa maoni yangu molekuli za namna hii zitafaa zikipewa mwenzi anayekaa mwilini muda mrefu kumalizia vilivyobaki, kama artemeta inavyopewa lumefantrini ndani ya ALu.